Chemli Iliyozimika Kisimani

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, nilibeba debe hadi bwawani na kurudi. Njia ilikuwa ndefu, na maji yenyewe yalikuwa tope tupu kwa sababu ng'ombe walikuwa wameshayakanyaga. Kila siku nilirudi nimenuna. Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Mkata, kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Tulipohamishiwa pale tulipewa viwanja, shule na duka la kijiji. Maji tuliambiwa yatakuja.

Hayakuja, kwa hiyo tukaanza kuchimba kisima wenyewe. Futi thelathini chini tukakuta mwamba. Wazee waliijua dawa yake: jioni kuni huteremshwa na kuwashwa juu ya mwamba, asubuhi mwamba humwagiwa maji baridi, nao hupasuka. Kisha baba yangu, Athuman, hushuka na nyundo na tindo. Lakini kwanza taa ya chemli huteremshwa kwa kamba. Ikizimika, mtu hashuki. Kazi yangu ilikuwa kununua mafuta ya taa na kuijaza chemli hiyo.

Jumamosi moja mwenyekiti wa kijiji, Bwana Hiza, alifika mapema. Jumatatu wageni kutoka wilayani wangekuja kukagua kisima, naye alitaka wakute maji. Chemli ikateremshwa. Ikazimika.

"Haya ni mafuta gani?" alifoka. "Nani kayaleta?"

"Ni mimi, mzee," nilijibu.

"Umeyauza njiani, ukajazia maji! Watoto wa siku hizi wezi watupu."

Mimi, mwizi? Mbele ya kijiji kizima! Mafuta yale niliyabeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nikamtazama baba, nikitumaini atanitetea. Baba aliinamisha kichwa kwa aibu, akajifunga kamba kiunoni.

"Nashuka," alisema. "Kazi isikwame kwa sababu ya mwanangu."

Hapo damu ikanichemka. Nikaikanyaga ile kamba kwa miguu yote miwili.

"Hajira, ondoka hapo!"

"Siondoki, baba! Nipige kwanza!"

Nikainyakua chemli, nikawasha kiberiti. Ikawaka vizuri kabisa.

"Maji yanawaka hivi?" nilimuuliza mwenyekiti, kwa sauti ambayo mtoto hamtolei mtu mzima.

Nikaiteremsha. Ilipofika nusu ya kisima, moto ulilegea, ukafa. Nikaipandisha, nikaiwasha, ikawaka. Nikaiteremsha tena, ikazimika palepale.

Mwalimu Bonaventura, aliyekuja na wanafunzi kuleta kuni, akasogea kisimani.

"Mafuta hayana kosa," alisema. "Moto wa jana umetoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ni nzito na haionekani. Imetuama chini kama maji ndani ya ndoo. Taa imezimika kwa kukosa hewa safi, na Bwana Athuman naye angezimika."

Baba alifungua kamba polepole.

Kutwa nzima tuliteremsha na kupandisha matawi yenye majani ili kuiondoa hewa ile. Jumapili asubuhi chemli ilifika chini ikiwaka. Baba akashuka, akagonga penye ufa, na kabla ya adhuhuri maji yakaanza kuchuruzika.

"Hongera, binti," Bwana Hiza aliniambia huku akicheka, kana kwamba hakuna lililotokea.

Baba alikuwa ndiyo kwanza anatoka kisimani, tope hadi kifuani. "Ndugu mwenyekiti, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ulimwita mwizi mbele ya watu. Watu ndio hawa."

Bwana Hiza alitazama chini. "Hajira, nimekukosea. Nisamehe."

"Na mimi unisamehe, mwanangu," baba akasema. Kisha akawageukia wote. "Taa ilituonya, sisi tukatafuta mwizi badala ya kutafuta sababu. Mtoto huyu angenyamaza kwa adabu, leo mngekuwa mnanizika. Adabu ni njema, lakini ukweli ukiujua, useme na uuoneshe, hata kwa mkubwa."

Hasira zangu hazikuisha siku ile, nasema kweli. Lakini debe la kwanza la maji ya kisima kile, mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyenitwisha.