Usiwe wa Kwanza Kukata Simu

Mjinga wa siku hiyo alikuwa Sauti. Mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo anakwambia, "Mimi ndiye niliyewashikia askari mlango. Kilichobaki ilikuwa kuwawekea chai tu." Lakini tusianze na askari. Tuanze na chumba.

Saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la dobi. Mbele, pasi za mvuke zinapumua, mashati ya watu wenye kazi zao yananing'inia ndani ya nailoni. Nyuma, mlango umezibwa kwa mashuka yaliyokosa wenyewe. Ndani kuna meza moja, kompyuta mbili, rundo la simu, na watu watatu wasiofua chochote.

Kwenye kiti kikubwa alikaa Shangazi. Hilo halikuwa jina la kazi. Alikuwa shangazi kweli, dada wa baba yake Sauti. Mwenye duka, mwenye mashine, mwenye neno la mwisho. Kushoto kwake alikaa Fundi, mtu mwembamba, mwoga wa jua, aliyetengeneza kitu walichokiita "kengele". Kengele ni programu ndogo. Inajipenyeza kwenye kompyuta ya mtu kimyakimya. Siku moja skrini inageuka nyekundu, king'ora kinalia, maandishi yanapiga kelele: mashine yako imeingiliwa na virusi, usizime, piga namba hii upesi.

Mtu akipiga, anapokelewa na Sauti.

Huyu, Mungu alimnyima kimo, akamnyang'anya na nywele mapema, kisha akamlipa kwenye koo. Akikwambia "tulia mama, uko mikono salama," unatulia. Halafu unampa funguo za nyumba.

"Leo hatupigi kengele," Shangazi alisema. "Leo tunang'ata mara ya pili."

Kung'ata mara ya pili ndiko kulikowanenepesha. Wiki iliyopita kengele ilimlilia mkunga mmoja mstaafu. Bibi akapiga. Sauti akajifanya mtaalamu, akamwelekeza aweke programu ya kusafisha virusi. Ikasafisha kweli. Ilisafisha akaunti yake mpaka ikang'aa. Leo watampigia wao wenyewe, safari hii kama maofisa wa mamlaka ya kumlinda mlaji. Watamwambia wezi wamepatikana, hela zinarudi, afungue tu kompyuta wamalizie kazi.

"Kumlinda mlaji," Fundi alisema. "Si watulinde sisi? Hapa nani analiwa na nani anakula?"

"Ziba hilo shimo. Sikilizeni. Huyu bibi ni mweka hazina wa chama cha wauguzi wastaafu. Mfuko wao wa matibabu anaufungua yeye, kwenye kompyuta ile ile. Akiingia, Fundi anaingia nyuma yake. Tunabeba, tunafunga duka, kila mtu na njia yake."

Sauti alikuna upara. "Mfuko wa matibabu, shangazi?"

"Wewe daktari?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi."

"Na kama ameshatoa taarifa? Hiyo mamlaka tunayojifanya, ipo kweli. Ina ofisi. Ina watu."

Shangazi alimtazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta suti ya harusi ina mafuta. "Mwanangu. Mtu akiibiwa kuku anaamsha mtaa mzima. Akiibiwa kwa kudanganywa ananyamaza, maana anajua swali la kwanza atakaloulizwa: wewe akili ulikuwa umeiacha wapi? Aibu ndiyo mlinzi wetu. Haihitaji mshahara, na haisinzii."

Halafu akarudia sheria ya nyumba, kama mtu anayesoma dua. "Usiwe wa kwanza kukata simu. Ukikata, unamwacha peke yake na akili zake. Atampigia mwanawe. Mwanawe atauliza maswali mawili, na sisi tumekwisha."

Sauti alivaa vipokea sauti. Kabla hajaviwasha, simu yake mwenyewe ilitetemeka mfukoni. Mama. Kila asubuhi mama yake alimpigia kuuliza jambo lile lile: "Wateja wako wanaendeleaje?" Maana mama aliambiwa mwanawe yuko huduma kwa wateja, na majirani wote wameambiwa. Shangazi ndiye aliyeutunga uongo huo, tena akaunyoosha kwa pasi.

Hakupokea.

Saa nne.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Shikamoo mama. Unaongea na afisa wa malalamiko, mamlaka ya kumlinda mlaji."

"Marahaba, baba. Malalamiko ya nani?"

"Yako, mama. Kuna watu walikuingilia kwenye kompyuta wakakuibia."

Bibi akashusha sauti. "Nyie mmejuaje? Mimi sijamwambia mtu. Hata mzee wangu hapa ndani hajui. Naona aibu, mwanangu. Mtu mzima, na mvi hizi."

Shangazi akainua kidole gumba.

Sauti akashusha koo lake mpaka pale panapoyeyusha watu. "Usione aibu, mama. Aibu si yako. Aibu ni ya aliyeiba."

Maneno hayo aliyatunga mwenyewe. Hayajawahi kushindwa. Akamwambia wezi wamepatikana, afungue tu kompyuta hela zirudi.

"Mungu akubariki. Ngoja nitafute miwani."

Akatafuta miwani. Akaipata, ikawa ya mzee wake. Akarudi kutafuta yake. Akaiwasha kompyuta. "Hii nayo inaamka kama mimi, kiungo kimoja kimoja." Akaomba radhi, sufuria lilikuwa jikoni. Akarudi. Shangazi aligonga kucha mezani. Sauti alisubiri. Sheria ni sheria.

"Sasa hebu niambie, afisa, wakati hii mashine inajifikiria. Mtu akiibiwa hivi, anatakiwa afanye nini? Nina wenzangu, wazee kama mimi. Niwaambie nini?"

Sauti angeweza kujibu chochote. Lakini ukimpa mwimbaji jukwaa, ataimba. "Kwanza, skrini ikiwa nyekundu, asipige namba iliyoandikwa pale. Hakuna fundi wa kweli anayetangaza namba yake kwa king'ora. Kama ameshapiga, akate mtandao. Asifute kitu, apige picha skrini, atunze ile namba. Apige benki, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yake, si namba aliyopewa na hao watu. Abadilishe namba za siri kwa kutumia mashine nyingine. Halafu atoe taarifa kwetu. Hata kama ni hela ndogo, mama. Taarifa moja ni malalamiko. Zikifika nyingi zenye namba ile ile, hiyo ni njia ya kuwafikia."

Teke la chini ya meza lilimpata kwenye muundi. Shangazi alizima kipaza sauti. "Unamfundisha?"

"Namtuliza."

"Unamtuliza kwa kutuuza?"

Kitu cha ajabu kilikuwa kimemtokea. Miaka yote koo lake lilikuwa limevaa uongo, na uongo siku zote unabana mahali fulani. Leo limesema kweli kwa mara ya kwanza, na kweli imemkaa kama shati lililoshonwa kwa vipimo vyake. Joto likampanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Sauti aliijua aibu ya wateja wake vizuri sana. Na ya kwake walikuwa hawajawahi kuonana.

Akawasha kipaza sauti.

"Umesema vizuri, mwanangu," bibi alisema. "Una mama wewe?"

"Ninaye."

"Anajua kazi yako?"

"Anajua niko huduma kwa wateja."

"Lazima anatamba nawe."

Sauti akapaliwa. Alikohoa, akatafuta hewa, akakohoa tena.

"Pumua, baba. Vuta kwa pua. Toa taratibu kwa mdomo. Hivyo hivyo. Usisukume bado."

Fundi akajiziba mdomo kwa kiwiko, mabega yanacheza. Kisha mabega yakasimama. Mashine ya bibi ilikuwa imefunguka na yeye alikuwa ndani. Alitazama skrini. Akafungua kabati la picha la mashine hiyo. Akalifunga. Akalifungua tena.

Wiki iliyopita lilifurika. Wajukuu wasio na meno ya mbele, wajukuu kwenye beseni, mjukuu mmoja na paka huyo huyo mara themanini. Leo hakuna hata kucha ya mjukuu. Mashine ilikuwa safi kama nyumba ya kupangisha. Hakuna bibi anayefuta wajukuu. Hiyo haikuwa kompyuta ya bibi.

Fundi hakusema. Angesema, habari hii ingekuwa na watu watatu waliokimbia na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Alifunga kompyuta yake polepole, akaiweka kwapani.

"Natoka kidogo. Nanunua vocha."

"Vocha? Sasa hivi?" Shangazi aligeuka.

Mashuka ya mlangoni yalikuwa yanapepea. Fundi ameshatoka.

Saa nne na nusu.

Shangazi aliivuta kompyuta iliyobaki, nayo imeunganishwa kwa bibi, akatazama alichokiona Fundi. Hakuhitaji kutazama mara mbili.

"Kata."

Sauti alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Shangazi, sheria…"

"Sheria nimeitunga mimi! Kata!"

"Anatafuta namba ya siri."

"Hatafuti kitu, mwana mpumbavu wewe. Wanatutafuta sisi!"

Kidole cha Sauti kilikuwa juu ya kitufe. Kilibaki pale. Baadaye aliwaambia wenzake alikuwa anafuata sheria. Si kweli. Alitaka kumsikia yule bibi akimwita mwanangu mara moja zaidi, kabla hajajua yeye ni nani.

"Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu. Siendi popote. Na wewe usiende popote."

Mbele ya duka, pasi za mvuke zikanyamaza. Zote kwa pamoja.

Shangazi alikuwa wa kwanza kuelewa kimya hicho. Alivua vipokea sauti vyake, akavitupa mapajani kwa Sauti, akachukua rundo la mashati kavu na kuanza kulikunja. Askari walipoyang'oa mashuka walimkuta mama wa dobi, mtu na kazi yake, anamnyooshea kidole mwanamume mwenye upara.

"Ndiye huyo! Mimi nimempangisha chumba tu. Mambo yake siyajui. Hata yeye mwenyewe simjui!"

Sauti alimtazama dada wa baba yake. Huyu ndiye aliyempeleka shule siku ya kwanza, akamfunga kamba za viatu. Akafungua mdomo ajitetee. Koo likagoma. Siku zote lilimtumikia, na leo, siku ya haja, likatoa upepo mtupu.

Saa sita.

Ofisi ya mamlaka ile ile. Benchi refu la mbao na feni inayozunguka kwa kulazimishwa. Watu watatu wenye pingu. Fundi alikamatwa kwenye uchochoro wa nyuma amevaa koti la mteja ili asijulikane, kikaratasi cha dobi kimebanwa kwenye ukosi. Alianza kuongea kabla hajaulizwa, na hakuwa ameacha bado. Alishaeleza kengele, alishaeleza kung'ata mara ya pili, alishaeleza nani shangazi wa nani. Habari ya kupangisha chumba ikafa hapo.

Juu ya meza ya afisa, simu ya Sauti ikaanza kutetemeka. Inazunguka yenyewe kama mende aliyepinduliwa. Kwenye kioo limeandikwa neno moja: Mama.

Afisa, mwanamke kijana mwenye kalamu nywelani, aliinua macho. "Tupokee?"

"Dada, nakuomba," Sauti alisema. Koo lenyewe lilikuwa kama la mtu mwingine. "Kata."

Afisa hakukata. Aliiacha ilie mpaka ikachoka yenyewe. Ilichukua muda mrefu.

Ndipo mlango ukafunguka akaingia mwanamke mfupi, viatu vya chini, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. "Hamjambo humu," alisema, na Sauti, akimtambua bibi wa kwenye simu, akataka benchi limmeze.

"Mama," alisema, akitazama sakafu. "Ulisema hujamwambia mtu."

"Kumbe ni wewe. Nilidhani mrefu." Alimkagua kama anayemtafutia kasoro mtoto mchanga. "Mzee wangu nilimwambia jioni ile ile. Tukalia wote, tukala, tukalala. Asubuhi nikaja hapa. Wakanieleza kwamba watu kama nyie hurudi, mkijifanya wao. Wakanipa kompyuta yao, wameshaiweka ile programu yenu, na kazi moja tu: huyo akipiga, asikate simu mpaka tumfikie. Nikawaambia hiyo nimeifanya maisha yangu yote. Kumtuliza mtu kitandani mpaka saa yake ifike."

Fundi alicheka. Hata pingu hazikumfunza.

"Nilikwambia ukate!" Shangazi alimgeukia Sauti. "Nilikwambia mara ngapi?"

"Ulisema tusiwe wa kwanza kukata."

"Nikasema kata!"

"Ukasema pia hunijui. Nikukatie kama nani?"

Shangazi akaona upande huo hauna njia. Akahamia kwa bibi. "Na wewe! Mtu mzima, umesoma, unachezewa akili kwenye simu na vijana, halafu badala ya kujifungia ndani unakuja ofisini kujitangaza! Huna aibu?"

Bibi aliuweka mkoba wake kwenye meza. Hakumtazama Shangazi. Alimtazama Sauti, ambaye masikio yake yalikuwa yanawaka.

"Kijana wako aliniambia ni ya aliyeiba," alisema. "Mliisahau kwangu. Nimewaletea."