Tikiti la Buluu

Mama Kasuku ni fundi cherehani. Kazi zake huzifanya sebuleni, karibu na dirisha. Akishona pindo, hata ukilipima kwa rula hutaona kasoro. Binti yake ana miaka minne. Aliitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Shule zilipofungwa, joto lilikuwa kali na mtoto hakuwa na la kufanya. Alivuta nyuzi, akamwaga vifungo, akauliza maswali mia. Mama akampa kadibodi, rangi na mkasi mdogo usio na ncha.

"Nitengenezee tunda la tikiti, mwanangu."

Kasuku akapaka, akakata. Tikiti likatoka limepinda upande. Sasa, fundi ni fundi. Mama alichukua mkasi wake mkubwa, akanyoosha kingo, akapaka upya.

"Haya, sasa limekaa sawa," akasema.

Kesho yake Kasuku akatengeneza chungwa, mama akalinyoosha. Keshokutwa yake, ndizi. Siku ya nne Kasuku alificha mikono kwapani.

"Fanya wewe, mama. Mimi sijui."

Siku nzima hakuongea. Mama alimgusa kipaji cha uso, hakikuwa na joto. Kimya kile kikamtia hofu, akaenda kumwita jirani yake, mwalimu wa chekechea. Mwalimu alitazama matunda yaliyobandikwa ukutani.

"Mazuri. Kayatengeneza nani?"

"Kasuku."

"Kasuku yupi, jirani? Wa miaka minne au wa thelathini na minne?"

Mama alicheka, kisha akautazama mkasi wake.

"Nilimsaidia tu, Mwalimu."

"Ulimfumulia kazi yake. Nguo ya mteja fumua, ni haki yake. Kazi ya mtoto haifumuliwi. Hapo hajifunzi tikiti, anajifunza kuiamini mikono yake."

"Na akiharibu?"

"Mwambie akueleze alichofanya. Halafu msikilize."

Asubuhi Mwalimu alileta limau. Alilikata yeye mwenyewe katikati, maana kisu ni cha mtu mzima. Akalipangusa kwa kitambaa hadi likakauka.

"Likibaki na maji, rangi itatapakaa," akasema.

Alipaka rangi kidogo kwenye sahani, akachovya limau, akaligandamiza kwenye karatasi. Ua la limau likatokea. Kasuku alitazama tu.

Mama akakaa sakafuni karibu naye.

"Mwanangu, tikiti lako lilikuwa zuri. Nilikosea kulikata. Nisamehe."

Mtoto alimwangalia. Kisha taratibu akatoa mkono, akachukua limau. Alipiga chapa moja, mbili, kumi. Nyingine ziliangukia nje ya karatasi. Vidole vya mama vilimwasha, akavikalia.

Baadaye Mwalimu alikoroga unga wa ngano na maji, ikawa gundi. Akatoa mbegu za tikiti alizoziosha na kuzianika.

"Kaa naye," alimwambia mama. "Mbegu haziendi mdomoni wala puani."

Kasuku alikata kadibodi mpya, akaipaka buluu, akaanza kubandika mbegu.

"Hebu nieleze, hili ni tunda gani?" mama akauliza.

"Tikiti. Limeoga. Linasikia baridi. Hizi mbegu ni watoto wake, huyu mkubwa mkorofi..."

Maneno yalimtoka mfululizo hadi cherehani ikasahaulika. Mbegu moja ilikuwa inaning'inia ukingoni. Mama, kwa mazoea, akanyoosha kidole.

"Usiguse, mama. Mimi ndiye ninayejua inapokaa."

Mama akarudisha mkono. Katika maisha yake hakuwa amewahi kufurahia kukatazwa namna ile.