Jiwe ya Kulalia Kichwa

Jiwe moja ilikataa kupata moto. Mama Katungu alipika maharagi tangu asubuhi, kuni zikaisha, majiwe mbili za jiko zilikuwa zinaunguza mukono, lakini ile ya tatu ilibaki baridi, tena yenye majimaji.

"Maliro, hii jiwe ulitosha wapi?" akamuuliza bwana yake.

"Ni yako. Pika tu."

Muzee alidanganya. Wazee ba kwetu banajua kudanganya sana wakati banaogopa bibi zao.

Ilikuwa mwaka wa 1964. Barebele, ni kusema waasi, walipokaribia Kasugho, kijiji yao, mutoto wao Kambere alikuja na kamion kubaleta Butembo, akabapa nyumba ndogo nyuma ya nyumba yake. Sasa, kwetu mwanamuke hapana kuhama bila majiwe tatu za jiko yake. Akiziacha, batu banasema alifukuzwa. Katungu akapanda kamion, akaachia muzee kazi ya majiwe. Moja ilikuwa ingali na moto. Kambere alikuwa anapiga honi, muzee akaimwangia maji, ikapasuka. Nyuma ya migomba kulikuwa kaburi mupya ya jirani yao Masika, mujane asiye na mutoto wa kike wa kurizi jiko yake. Basi balimuwekea jiwe moja ya jiko pale kichwani. Muzee akabeba ile.

Kisha siku mbili kule Butembo, saa sita ya muchana, jua ikiwaka vizuri, harufu ya udongo mubichi ikaingia mu nyumba, halafu sauti ya mutu anafagia ndani ya jiko, pole pole, na Katungu alipofungua mulango hakukuta mutu, ila majivu iliyofagiliwa safi kuzunguka ile jiwe baridi.

Mujukuu wao Anne-Marie, binti ya Kambere wa miaka ine, alikuwa amekaa pale inje.

"Koko," akaambia nyanya yake, "ule mama wa udongo analomba jiwe yake ya kulalia kichwa."

Mangaribi ile mutoto akapata homa. Shingo yake ikalegea, kichwa ikawa inaanguka nyuma, na Katungu akakaa anaishika na mukono siku nzima na siku ingine, maana kila mara alipojaribu kutosha mukono ili anywe hata maji, kichwa ilianguka na mutoto akakohoa na sauti ya mwanamuke mukubwa. Kyakimwa, mama ya mutoto, akanongona na bwana yake pale mulangoni:

"Bazazi bako balikuja na kitu. Ubarudishe, mbele ya mutoto kufa."

Kambere akaangalia kamion yake. Ile kuangalia iliumiza muzee kupita maneno.

Bakaita jirani yao Asumani, muuza chumvi, anayesomeaka batu Kurani. Akachoma ubani, akasoma. Moshi ikakataa kupanda, ikajikunja kuzunguka jiwe. Asumani akafunga kitabu.

"Hii si jini ya kufukuza. Mulibeba kitu ya mwenyewe. Mumurudishie."

"Ni miye," muzee akasema, na akaeleza yote, macho chini.

Katungu akamuangalia. "Ungeniambia kama ilipasuka. Ningelia, halafu ningenyamaza."

"Baba, njia imefungwa," Kambere akasema. "Barebele beko Kasugho. Kamion haitapita."

"Miguu itapita."

Muzee akaweka jiwe mu guniya, akaenda bila kula.

Siku ya tatu ya safari yake, saa sita, Anne-Marie akainua kichwa, akalomba ndizi. Kyakimwa akapiga magoti, akaomba mama mukwe wake musamaha. Batu bakacheka kwa furaha. Katungu akawasha moto juu ya majiwe yake mbili na tofali moja, akapika, mutoto akakula akashiba. Kisha akaangalia mulango.

"Koko."

"Sema, mama yangu."

"Koko mwanaume amefika. Eko analala chini pale inje. Analomba kitu ya kulalia kichwa."

Kambere akakimbia inje. Hakuona mutu. Kulikuwa tu harufu ya udongo mubichi.

Katungu akaelewa bwana yake hatarudi. Akatosha chungu, akavuta kuni zote inje ya moto, akakaa karibu ya jiwe moja yake, anangoja ipoe yenyewe. Hakuimwangia maji.