Nyayo Kwenye Unga

Anyesi alikuwa mbishi, na anayebisha hilo aje Area C atuulize sisi majirani zake. Kazi yake ni afisa ugavi wa taasisi inayopeleka unga wa uji mashuleni. Kabla mzabuni hajapewa kazi, lazima mtu aende akaone kwa macho kama ghala lipo na mashine zinafanya kazi. Mwenzake, Lameck, ndiye aliyetangulia kukagua mashine moja ya kusaga huko ndani, mbele ya Mlali. Alirudi analalamika miguu, na wiki haikuisha tukamzika.

Watu wakanong'ona. Anyesi akacheka.

"Presha hiyo. Nyie kila kifo mnamtafuta mchawi!"

Mdharau mwiba mguu huota tende. Faili likahamia mezani kwake, naye akaenda.

Alifika jua likiwa limeshapanda. Mwenye mashine, Mzee Sostenes, alimpokea getini kwa bashasha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na vumbi. Humu usafi kwanza, naomba uvue viatu."

Anyesi alifurahi kweli, maana wazabuni wengi hata maji ya kunawa hawana. Akaingia peku. Sakafu yote ilikuwa na utando wa unga, laini na wa baridi. Wafanyakazi walipishana na magunia mabegani, wamejifunga vitambaa mpaka chini ya macho. Hakuna aliyemsalimia. Wala hakuna aliyekohoa, pamoja na unga wote ule.

"Mbona hawapumziki?"

"Hawachoki," alijibu mzee.

Anyesi akageuka nyuma, ndipo akaona. Mwanamke mmoja alikuwa amechuchumaa akizizoa nyayo za Anyesi, mmoja baada ya mwingine, kwa kiganja. Alikuwa akiuweka ule unga kwenye ungo, taratibu, asimwage.

Mchawi akiushika unyayo wako amekushika wewe. Hilo kwetu hata mtoto analijua, na ubishi wote wa Anyesi uliishia pale.

Mbeba gunia mmoja akampita karibu. Alinuka udongo mbichi.

"Zifute, Anyesi," alinong'ona ndani ya kitambaa. "Mimi sikuzifuta."

Sauti ya Lameck.

Yesu wangu! Anyesi aliupiga ungo teke, unga ukatawanyika. Akaanza kuburuta miguu sakafuni, analia, anafuta, kila alipokanyaga, mpaka mlangoni. Mashine ikazima. Wafanyakazi wote wakasimama, wakamtazama.

Hakuna aliyemzuia. Alikimbia uwanjani hivyo hivyo peku, akaingia kwenye gari, akawasha. Ndipo akatazama kioo. Mzee Sostenes alikuwa amechuchumaa katikati ya uwanja, kwenye vumbi jekundu, pale pale Anyesi alipopita mbio. Ungo ulikuwa magotini pake.

Kazini aliandika kwamba mzabuni yule asipewe kazi, na mtu mwingine asitumwe kule. Nyumbani alimweleza mumewe, Gideoni, yote. "Usiniache nitoke usiku," alimsihi. "Hata nikikuomba." Gideoni akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la shuka lake.

Asubuhi akakuta nyayo za unga sakafuni. Zilitoka mlangoni zikaja kitandani. Za mkewe, hana shaka. Akadeki kimya kimya asimtishe. Kesho yake zikaja tena, na Anyesi akaamka hoi, anasema mabega yanamuuma.

Leo alfajiri Gideoni ametugongea akilia kama mtoto. Tulikimbilia kwake. Anasema alipoamka alikuta kufuli la mlango bado limefungwa kwa ndani, ufunguo ungali kwenye pindo la shuka lake. Nyayo zilikuwepo, ila safari hii zilitoka kitandani kwenda mlangoni. Za kurudi hatukuziona.

Anyesi mwenyewe yupo kitandani. Macho wazi, anapumua, mkono wake una joto. Tumemwita mpaka sauti zimetukauka. Mama Yudith, jirani mwenzetu, akafunua shuka amkande miguu, kisha akalirudishia haraka, akatoka nje.

Nami nikalifunua. Chini ya miguu yake hapana mstari hata mmoja. Ni ngozi tupu, laini, kama ya mtoto ambaye hajawahi kukanyaga chini.