Gole la Mkasi

Kila asubuhi katika kijiji cha Las Lajas, kwenye milima ya kahawa iliyo juu ya mji wa Matagalpa, Bibi Eduviges hakugusa kahawa yake kabla Mkasi hajala.

Mkasi alikuwa kuku jike wa rangi ya kijivu. Alitotolewa na mdomo uliopinda. Sehemu ya juu ilikwenda kushoto, ya chini ikaenda kulia, zikapishana kama mkasi ulioachwa wazi. Kuku wengine walidonoa mahindi chini wakashiba. Yeye alidonoa, akainua kichwa, na punje ilikuwa bado iko pale pale.

Basi Bibi alimlisha kwa namna yake. Alichukua unga mbichi uliokandwa wa tortilla, ile mikate ya mahindi, akaulainisha kwa maji ya jibini mpaka ukawa kama uji mzito, akautia kwenye kopo refu. Kopo alilifunga kwenye mguu wa benchi, usawa wa kifua cha kuku, ili Mkasi achote badala ya kudonoa. Nusu ilimwagika. Mjukuu wake Yaoska, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikaa kando na fimbo kuwafukuza kuku wengine, maana hao wangelimaliza kopo kabla Mkasi hajameza mara ya pili. Ilikuwa kazi ndefu, ya kuchosha mgongo. Mara kwa mara Bibi alimfunga Mkasi kwenye kitambaa, akampunguza ncha za mdomo kwa tupa ya kucha, kisha akampaka majivu chini ya mabawa, kwa sababu kuku asiyeweza kujichambua manyoya huliwa na utitiri.

"Bibi, kwa nini humchinji tu?" Yaoska alimuuliza siku moja. "Binamu Norvin alisema alipokuja kwamba hata supu yake itatoka imepinda."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie Norvin bakuli la kwanza ni lake. Sikiliza, mama. Siku alipototolewa, kila mtu aliniambia nimnyonge. Mimi nikampa chakula. Na ukishamlisha mtu siku ya kwanza, umejifunga na ya pili."

Jioni ilikuwa zamu ya Babu Cipriano. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Aliona mwanga na kivuli, basi. Lakini kuku walipoanza kupanda mpera kulala, Yaoska alimletea Mkasi, naye Babu akapapasa gole, kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo. Gole likiwa limejaa, alisema, "Kalale, binti." Likiwa tupu, aliita, "Eduviges! Leo mmemwonea mwenzenu!"

Kahawa ilipoanza kuwa nyekundu mashambani, kifua cha Bibi kilizidi kumsumbua. Mama yake Yaoska alikuwa Kosta Rika, akifanya kazi katika nyumba za watu, na hakupata ruhusa ya kuja. Siku moja kabla ya kufa, Bibi alimwita Yaoska kitandani. Yaoska alidhani ataambiwa jambo kubwa. Bibi alisema tu, "Kopo usiliweke chini. Akiinama sana anapaliwa."

Wakamzika. Kisha zikaanza siku tisa za sala nyumbani, kama ilivyo desturi. Wanawake walitandika meza kwa kitambaa cheupe, wakaweka picha ya Bibi na maua ya karatasi. Kila jioni majirani walijaa ukumbini, mmoja wao, Doña Chepita, akiongoza rozari kwa sauti yake ya puani. Mama Mkubwa Socorro, dada mkubwa wa mama yake Yaoska, alikuja kutoka Managua na mwanawe Norvin, akashika jiko. Wanaosali hula, na wanaokula ni wengi. Kuku wa Bibi wakaanza kuchinjwa mmoja mmoja.

"Chukueni wote," Babu alisema. "Mkasi msimguse." Kisha akamgeukia Yaoska, mahali alipodhani amesimama. "Wengine watapika na kusali. Kazi yako wewe ni moja tu. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

Siku ya kwanza Yaoska aliweka uji kwenye kopo, akakaa kwenye kigogo chake na fimbo mkononi. Benchi la Bibi lilikuwa tupu. Alama ya mahali Bibi alipozoea kufutia vidole ilikuwa bado kwenye mbao, nyeupe, imekauka. Mkasi alichota, akamwaga, akachota. Yaoska aligeuza uso asilione benchi. Akaondoka kabla kuku hajamaliza.

Siku ya pili Norvin alikuwa akimngoja na mpira kwapani. "Wewe, mtumishi wa kuku! Twende mtoni."

"Sijamlisha."

"Uwanja mzima umejaa mahindi. Kuku gani anakufa njaa uani? Huyo anakudekea tu."

Yaoska alijua kwamba si kweli. Hata hivyo alilijaza kopo upesi na kukimbia, na alipotazama nyuma, kuku wengine walikuwa tayari wamelizunguka. Mtoni walicheka. Tangu mazishi hakuwa amecheka, na kule hakukuwa na benchi.

Jioni Babu aliuliza, "Amekula?"

"Amekula, Babu."

"Nipe nimguse."

Yaoska alitoka nje. Mkasi alikuwa amejikunyata kando ya kuni, gole lake limelala kama mfuko mtupu. Kwenye mpera alikuwa Nyekundu, kuku mnene aliyeshinda uani akichakura. Yaoska alisimama kidogo kati yao. Kisha akamshusha Nyekundu, akambana kichwa chini ya kwapa lake ili mdomo usiguswe, akampeleka kwa Babu.

Babu alipapasa. "Limejaa," alisema. Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Bibi azikwe. "Bibi yako anakuona, mjukuu wangu."

Laiti asingetabasamu, labda Yaoska angesema kweli kesho yake. Lakini sasa kusema kweli kulikuwa ni kumnyang'anya Babu tabasamu lile. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Kesho yake alikwenda mtoni tena, na jioni akamleta Nyekundu tena. Siku zilizofuata Mkasi aliambulia matone machache: makombo ya uji yaliyomwagika jikoni, maji ya ndoo. Aliacha kumfuata mtu yeyote. Yaoska alijizoeza kupita upande wa pili wa kuni.

Siku ya tisa ndiyo kubwa kuliko zote. Tangu alfajiri wanawake walikanda unga, wakakata nyama, wakafunga nakatamali, unga uliojazwa nyama, kwa majani ya migomba, wakazipanga kwenye mapipa juu ya moto. Kuku wote waliobaki walichinjwa. Yaoska alirudi kutoka mtoni akiwa na nywele mbichi, akaona manyoya mekundu yametapakaa karibu na pipa. Alisimama hapo mpaka Mama Mkubwa Socorro akamgombeza.

"Umeganda kama sanamu la kanisani! Leta maji!"

Majirani walipoanza kuingia kwa sala, Babu, aliyekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, aliita. "Yaoska. Amekula?"

Yaoska alitazama kule kwenye pipa.

"Mlete, basi. Leo nataka nikae naye. Ndiye pekee aliyebaki wa Eduviges."

Hapakuwa na kuku mwingine wa kumpa. Yaoska alikwenda kwenye kuni, akapiga magoti, akamtoa Mkasi nyuma ya magogo. Kuku hakujitetea. Alikuwa mwepesi kama kiota kilichohamwa. Yaoska alimweka mapajani pa Babu, akarudi nyuma hatua moja.

Mkono wa Babu ulikwenda kwenye gole. Ukakaa hapo. Ukashuka kifuani, ambako mfupa ulikuwa umechongoka kama makali ya panga. Kisha ukapanda taratibu mpaka mdomoni, ukagusa pale panapopishana.

"Huyu ni nani?"

"Ni Mkasi, Babu."

"Na yule niliyekuwa nikimshika?"

"Nyekundu."

Mama Mkubwa Socorro alitoka jikoni, unga umemjaa mikononi. "Mtoto huyu! Kwa marehemu! Njia ya mwongo ni fupi, nimesema siku zote."

"Si fupi," Babu alijibu. "Imetosha kufika hapa. Niachie mtoto. Leteni uji mwembamba."

Yaoska aliuleta. Alichovya kidole, akadondosha tone moja moja kando ya mdomo uliopinda, kama Bibi alivyofanya Mkasi alipokuwa kifaranga. Ukumbini sala iliendelea. Matone mawili yaliingia, la tatu likatoka. Majirani walikula nakatamali, wakanywa kahawa, wakaaga. Norvin alipita karibu, akatazama, akaondoka bila mzaha wowote. Asubuhi, wanawake walipokuwa wakiikunja nguo nyeupe ya meza na kushusha picha, Mkasi alinyoosha miguu mapajani pa Babu, akafa.

Yaoska alichimba shimo chini ya mpera. Babu alikaa kando akisikiliza jembe.

"Babu, sikutaka afe," alisema Yaoska. "Nikikaa pale kwenye benchi namwona Bibi. Nikashindwa kukaa."

"Ungeniambia hivyo, tungekaa wawili." Babu alifungua kiganja chake. "Mkono wangu ulijua, Yaoska. Nyekundu alikuwa na kifua kipana, mzito. Lakini nilitaka kusikia kwamba amekula, nikaamini. Hilo ni langu, nitalibeba mimi. Lako ni hili. Ungenidanganya kuhusu wale kuku wengine, wangechakura, wangeshiba. Uongo wako usingewaumiza. Mkasi hakuwa na uwanja, alikuwa na wewe. Wapo ambao chakula chao ni neno lako tu. Ukimdanganya mtu wa namna hiyo, humfichi jambo, unamnyima uhai."

Yaoska alifukia shimo. Alilia, na Babu hakumwambia anyamaze.

Baadaye Babu alisimama, akakusanya maua ya karatasi yaliyotolewa mezani. Desturi ni kuyapeleka kaburini. Mama Mkubwa Socorro akawahi, "Baba, ngoja Norvin akushike. Kule njiani kuna korongo."

"Nitakwenda na Yaoska."

"Na huyu? Baada ya haya?"

"Nitakwenda na Yaoska," Babu alirudia, akanyoosha mkono hewani.

Yaoska aliusogeza mkono huo, akauweka begani mwake. Ulikuwa mzito. Walitoka uani, wakalipita benchi, wakashika njia ya mawe inayopita ukingoni mwa korongo. Babu hakuwa na fimbo. Aliinua mguu na kuushusha popote bega lilipomwelekeza.

"Jiwe, Babu," Yaoska alisema.

"Kubwa?"

"Dogo."

"Hata dogo niambie."

Naye akamwambia kila moja, njia nzima.