Alama ya Kutoa

Pampu ilikuwa imezimwa na maji bado yanakwenda. Tena yanakwenda kinyumenyume. Desderius aliisogelea kompyuta, akafuta vumbi la kioo kwa mkono wa shati, akasoma upya: toa mbili. Lita mbili kila sekunde, na mbele yake kijimstari cha kutoa, maana yake maji yanashuka kutoka tangi la kilimani na kurudi kwenye chemchemi.

Pampu yenyewe ilikuwa ya kwenye mchoro. Mwaka ule wa tisini na tano Ngara ilijaa wakimbizi mpaka ndani ya migomba ya watu, na Desderius, mtoto wa Nyakisasa, hapo hapo Ngara, aliyesomea maji, alikuwa ameyachora mabomba yote ya kambi ndani ya mashine, ili ajue litakalotokea kabla hajashika spana. Keshokutwa pampu ya kweli ingezimwa siku tatu, ibadilishwe beringi. Wakimbizi wangeletewa maji kwa lori, na mabomba yote yangefungwa isipokuwa moja, la zahanati. Tangi likijaa, zahanati ingefika siku ya tatu bila taabu. Likivuja toa mbili, lisingefika hata asubuhi.

Na katika zahanati hiyo, kitanda cha pili kutoka mlangoni, alikuwa amelala Joyceline, binti yake wa miaka minne, anaharisha siku ya tatu sasa, mama yake Eustakia akimnywesha kwa kijiko. Kwa hiyo msidhani Desderius alikuwa anacheza na namba.

Alilitafuta kosa kama mafundi wanavyolitafuta. Labda nimesahau vali, akajisemea, ile inayozuia maji yasirudi. Akaangalia, ipo. Akalifunga bomba lote la kutoka chemchemi hadi tangini. Toa mbili. Mwishowe, kwa hasira, akalifuta kabisa lile bomba kwenye mchoro na kupiga hesabu upya. Mashine ikamletea orodha ya mabomba yaliyobaki, na chini kabisa ikamwekea mstari wa bomba ambalo halipo tena: toa mbili. Chumba kikanuka nywele zilizolowa. Alifungua dirisha, lakini harufu haikutoka.

Hapo akafanya wanachofanya wasomi wakishikwa na hofu: akamshuku mtu. Alimshuku Ndikuriyo, mzee aliyekimbia Burundi, ambaye ndiye aliyeendesha pampu kule bondeni. Nani mwingine? Bila shaka anawafungulia maji Wasukuma wanyweshe ng'ombe wao. Akateremka bondeni saa sita mchana, saa ambayo pampu hupumzishwa, jua liko utosini na wanawake wamepanga ndoo kwenye foleni. Hakumwamkia yule mzee, ingawa mzee huyo angeweza kumzaa.

"Mzee, unamfungulia nani maji?"

"Simfungulii mtu, bwana fundi."

"Kompyuta imekuona."

Ndikuriyo akatabasamu bila furaha. "Basi iulize imeniona na nani. Njoo, weka sikio hapa."

Desderius aliinama juu ya bomba kwa shingo upande, akitaka tu kumwonyesha mzee kwamba pampu iliyozimwa haina la kusema, na chuma kikamgusa shavu kikiwa baridi katika jua lile la kuunguza, na ndani yake, si mbali, akasikia kitu kinagugumia maji, funda baada ya funda, kisha kikanyamaza kidogo kuvuta pumzi, kama afanyavyo mtu aliyetoka shamba, kisha kikaendelea, na harufu ya nywele mbichi ikamjaa puani mpaka akaruka nyuma.

"Umeanza kuyasikia lini haya?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Tangu siku ya kibuyu."

Desderius aliikumbuka. Mwezi uliopita alimkuta mzee, kabla ya kuzima pampu, anarudisha kibuyu kimoja cha maji kwenye chemchemi. Akamwambia huo ni ushenzi na uchafu. Akakipiga teke kile kibuyu mbele ya foleni nzima ya wanawake, maji yakamwagika kwenye vumbi.

"Pana mwenyewe hapa," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nilikuwa nampa chake, tukaishi vizuri. Hiyo alama kwenye mashine yako mnaiitaje?"

"Alama ya kutoa."

"Sasa si umeambiwa? Utoe. Kibuyu kimoja, kwa mkono wako, na umwombe radhi kwa mdomo wako."

Desderius aliitazama foleni. Wale wale wanawake. Aliona aibu, na aibu ikamshinda, nami simcheki, maana wengi wetu tungeshindwa pale pale.

"Katoe wewe. Sema nimekutuma."

"Atauliza wewe ni nani na wa kwako wako wapi."

"Mwambie, yaishe."

Ndikuriyo akaenda kutafuta kibuyu.

Kesho yake mchana Desderius alilichora bomba upya, akaizima pampu kwenye mchoro, akapiga hesabu. Sifuri. Akarudia. Sifuri. Alicheka peke yake, akavuta karatasi ya kuruhusu pampu izimwe, akaweka sahihi. Joyceline angekuwa na maji siku zote tatu. Jicho lake likateremka tu, kwa mazoea, mpaka kwenye orodha ya vituo vya kuchotea.

Zahanati: toa mbili.

Sasa, kwenye bomba alama hiyo ni maji yanarudi. Kwenye kituo ni jambo jingine. Ni kwamba pale hapachotwi. Pale pana kinachoingia.

Eustakia alikuwa mlangoni, kanga imelowa kifuani. Hakuwa amekimbia, alisimama tu.

"Baba Joyce, mtoto ameamka."

"Mungu ashukuriwe."

"Anakunywa. Amemaliza ndoo, Baba Joyce. Nimemnyang'anya kikombe, akaingiza kichwa kwenye ya pili."

Walikwenda pamoja, wakipita mahema na moshi wa kuni na watu waliowasalimia wasijibiwe, na kabla hawajafika mlangoni Desderius alishaisikia sauti ile ya bombani, funda baada ya funda, kisha kimya cha kuvuta pumzi, na wagonjwa wote walikuwa wamesogea ukuta wa mbali wakikiachia nafasi kitanda cha pili, ambapo mwanawe alikuwa ameketi wima, nywele zinamchuruzika, tumbo bapa vile vile kana kwamba hakumeza hata tone.

Joyceline alizaliwa Nyakisasa na alisema Kihangaza tu, lugha ya kwao, na Kiswahili alikuwa hajakijua bado. Alimwinulia baba yake uso, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, taratibu kabisa:

"Hukuja mwenyewe."

Kisha akanyoosha kikombe kitupu.

"Toa."