Posa ya Nyankumbu

Mtu alikohoa katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyokuwa tupu.

Nyumba hiyo iko Nyankumbu, mjini Geita. Bujiku Ndaki, fundi mitambo mzaliwa wa Didia, alikuwa sebuleni akigongagonga kuta. Dalali aliyewaleta, jina lake Masudi, alibaki barazani. Aliyesikia kikohozi ni Melania Nkwabi, mke wa Bujiku. Alilelewa Ushetu, katika nyumba ambamo mtoto wa kike hapiti wima mbele ya mzee. Akapiga magoti mlangoni pa chumba, akainamisha macho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," sauti ikajibu taratibu, kama ya mtu aliyekuwa akingoja.

Alipoinua macho hakuona mtu. Kulikuwa na sakafu, dirisha lenye nondo, na harufu ya mwamba uliotoka kupasuliwa kwa baruti.

Akatoka nje. "Kaka Masudi, mbona hukutuambia kuna mzee ndani?"

"Mzee gani, mama? Hapa hakai mtu. Panya wa Geita ndio wanakohoa. Vumbi la makarasha hilo, yanasaga mawe mchana kutwa." Akacheka peke yake. Kisha akasogea, akashusha sauti. "Ulimwamkia?"

"Nilimwamkia."

"Akaitikia?"

"Aliitikia."

Masudi akageukia barabara. "Wateja wangu wote hupiga hodi tu," alisema. "Hodi hajibu."

Kwa Bujiku alisema maneno mengine: "Bosi, hati ni safi. Nyumba ya namna hii benki hawaikatai." Bujiku hakuuliza zaidi. Tangu waoane walikuwa wakihamishwa na wenye nyumba, na jikoni mle aliona bomba la maji la kwake mwenyewe.

Tangu siku hiyo Melania akapoa. Alipika, alifua, aliitika alipoitwa. Lakini alishika sufuria ya moto kwa mikono mitupu, akaitua bila haraka, na malengelenge yakamtoka viganjani.

"Huumii?"

"Hapana."

Kila walipokula alitenga tonge la ugali, akalifunika, akaliweka nyuma ya mlango.

Walipokwenda benki kuomba mkopo wa kuinunua nyumba ile, afisa wa mikopo aliyeitwa Aneth alimweleza Melania kwa upole. "Mama, nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani mpaka mwenzi aridhie. Wewe unaridhia?"

"Nitamwuliza baba."

"Mzee Nkwabi yuko Ushetu na tumbaku yake," Bujiku alinong'ona. "Nyumba yetu inamhusu nini?"

"Si yeye."

Aneth akaweka kalamu chini. "Mrudi mkishaelewana," alisema.

Bujiku akampeleka mkewe kwa mganga, mwanamke mmoja mtu mzima aliyeitwa Kudra, anayeishi upande wa Kolandoto. Kudra alivitazama viganja, akasikiliza habari yote, akauliza jambo moja tu: nani alianza kuamkia.

"Mimi," Melania alisema.

"Basi huyo jini wa machimbo hakuiba kitu. Ulijitoa kuwa mtoto wake, naye akakupokea." Akamgeukia Bujiku. "Nikimpiga, nampiga baba wa mkeo."

"Sasa nifanyeje, bibi?"

"Binti hutolewa kwa baba yake kwa posa. Nenda kapose."

"Mke wangu mwenyewe?"

"Kwani kwa huyu ulimposa?"

Wakarudi na Kudra Nyankumbu jioni, jua likiwa bado lipo. Masudi alifungua geti, akarudi kwenye pikipiki yake. Walipoingia Melania aliuachia mkono wa mumewe, akatembea kama mtu anayeijua njia, akaketi sakafuni mlangoni pa chumba cha nyuma na kuwapa mgongo, na Kudra akaanza kusema maneno ya mshenga, ukoo wa Bujiku, jina la baba yake, jina la babu yake, huku ile harufu ya mwamba ikipanda kutoka chini ya sakafu, ikizidi, ikikaa kooni kama vumbi, na mahali fulani chini sana, chini ya nyumba, nyundo ikigonga jiwe, ikinyamaza, ikigonga tena, mpaka Kudra naye akanyamaza na sauti ikasema:

"Umekuja kuchukua nyumba, au binti?"

Bujiku aliliona tena lile bomba la jikoni. Aliona mlango ambao hakuna mwenye nyumba angeugonga kuja kumtoa. Alishangaa jinsi mambo hayo yalivyokuwa mazito, na jinsi mgongo wa Melania ulivyokuwa mbali.

"Binti," alisema mwishowe.

"Mchukue, mkwe wangu."

Melania akapiga kelele. Viganja vilikuwa vimeanza kumuuma.

Nyumba wakaiacha. Melania alirudi kucheka, kununa, na kulalamikia chumba chao cha kupanga. Bujiku akadhani yamekwisha.

Jumapili moja baada ya chakula, Melania aliacha kukunja nguo.

"Baba amefika kututembelea," alisema kwa furaha.

Pazia la mlango likasogea, likarudi. Bujiku alitafuta woga ndani yake, hakuupata. Aliinuka, akafuta kiti, akakiweka vizuri, akatoka kwenda kukaa nje juu ya ndoo, kwa kuwa mtu haketi sawa na baba wa mkewe. Nyuma yake alimsikia Melania akiuliza habari za safari, za afya, za kazi, na kila baada ya swali akinyamaza kwa muda unaomtosha mtu kujibu.